Usukani Uko Miguuni

Jirani, usicheke. Ukianza kucheka naondoka, na hii soda utalipa mwenyewe.

Shida yote ilianzia makalioni. Nasema wazi, hapa sote watu wazima. Ile baiskeli yangu ya urithi, Phoenix, tandiko limekauka, springi zimechoka, ngozi imepasuka katikati. Nikitoka Kihonda mpaka Msamvu, nikishuka natembea miguu imetanuka, watu wananipa pole wakidhani nilichelewa jando. Makalio yakitulia, unaanza mgongo. Mgongo ukitulia, shingo. Shingo ikitulia ujue nimeshafika nyumbani na zimeanza kelele za mama watoto. Na Morogoro yetu ndiyo mji kasoro bahari, kwa hiyo hata pa kwenda kuloweka viungo hakuna.

Ndipo akaja mpwa wangu. Mtoto wa dada, yuko chuo, simu yake kubwa kuliko mfuko. Akanikuta barazani najikanda kiuno. Akasema, "Mjomba, mbona wenzetu wanaendesha wamelala?" Nikadhani ananitukana. Akafungua simu. Kweli bwana. Jamaa kaegemea kitini, miguu ameitanguliza mbele, uso umetulia, amebakiza kuletewa juisi tu. Na anakwenda! Sikuuliza swali hata moja. Mtu uonyeshwe kitu cha kulala na kufika kwa wakati mmoja, halafu uanze maswali? Maswali ya nini?

Niliuliza bei tu. Akanitajia. Nikamwambia azime simu.

Kumbe kuna watu wanajitengenezea wenyewe, tena kwa mabaki. Hapo nikakaa vizuri. Mpwa akaeleza kwamba ziko za aina mbili. Kuna ile ambayo pedeli ziko mbele kabisa na gurudumu linalovuta mzigo liko nyuma kabisa. Cheni inasafiri urefu wote wa baiskeli, inapita chini ya kiti, inaongozwa na viroda, inarudi ilikotoka. Unaunga cheni mbili na ushee, wengine wanafika tatu. Na kuna ile ambayo pedeli zimefungwa pamoja na foku, cheni inashuka hapo hapo kwenye gurudumu la mbele. Cheni fupi, moja, kwisha kazi. Ila usukani ukikata kona, pedeli nazo zinakata kona, na miguu yako inafuata. Hilo la mwisho alilisema haraka haraka.

Mimi nilishaganda kwenye cheni moja. Najua bei ya cheni. Nikazidisha kwa tatu kichwani, nikasema tunafanya ya mbele. Wala sikujiuliza kwa nini kuna watu duniani wana akili zao timamu na bado wanakubali kununua cheni tatu.

Fundi wangu ni wa mageti. Ana banda lake chini ya mwarobaini, ana mashine ya kuchomelea, ana grenda, miwani ya jua ndiyo kinga yake. Baiskeli hajawahi kutengeneza, ila ana moyo. "Mzee wangu, toa hofu, chuma ni chuma." Tukamkata Phoenix. Sikuangalia. Baba angekuwa hai ningesema ni fundi aliyeshauri. Halafu tukachukua baiskeli ya mtumba ya gia, ile ambayo kijana wa jirani aliiacha baada ya kupata bodaboda, tukakata nyuma yake yote. Ile pembetatu inayoshika gurudumu la nyuma na krenki ndiyo tukaileta mbele, ikainuliwa, ikachomelewa kwenye foku. Yaani nyuma ya baiskeli moja imekuwa mbele ya nyingine. Ukiitazama kwa muda mrefu unapata kizunguzungu.

Sasa habu ya mbele kwa kawaida inataka nafasi ya milimita 100. Ya nyuma yenye gia inataka 135. Foku yetu ilikuwa ya mbele, gurudumu letu lilikuwa la nyuma. Fundi akapima kwa macho. Macho ya fundi hayana milimita. Likagoma kuingia. Akaleta jeki ya gari akaipanua foku, chuma kikalia, mimi nikalia moyoni.

Kiti nikatoa mwenyewe. Cha plastiki, kile cheupe, tukakikata miguu. Kiti hicho mama watoto alikuwa amekinunua kwa ajili ya wageni wake wa vikoba. Siku ya kikao mama mmoja alikalia ndoo, na mimi nililala bila kula. Tuendelee.

Siku ya kuijaribu mtaa mzima ulikuja. Watu wa Kihonda hawana kazi, ukitaka kujua hilo tengeneza kitu cha ajabu. Nikapanda. Nikalala. Nikakanyaga. Ikagoma. Nakanyaga mbele, miguu inazunguka hewani, cheni inazunguka, gurudumu limekaa kimya. Fundi alikuwa ameligeuza, friwili imekaa upande wa kushoto. Kuna mtoto akapiga kelele, "Babu, kanyaga nyuma!" Nikakanyaga nyuma. Ikaondoka! Ikanirudisha kinyumenyume mpaka kwenye rundo la mageti. Fundi akavua miwani, akaangalia, akasema kwa utulivu kabisa, "Mzee, si inakwenda? Labda tugeuze kiti."

Tuligeuza gurudumu, jirani. Kiti nilikikatalia.

Sasa mpwa akatoa simu akasoma maelekezo. Mwanzoni usikanyage kabisa. Tafuta mteremko mdogo, ninginiza miguu, teleza tu, zoea usukani. Ukishazoea weka mguu mmoja. Halafu wa pili. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimeanza kuendesha baiskeli nikiwa napita chini ya mtambaa panya wa fremu kwa sababu sifiki kwenye tandiko. Nimebeba gunia la mkaa kutoka Mikese. Leo nifundishwe kuninginiza miguu? Nikakanyaga.

Ngoja nikueleze kinachotokea, maana mimi mwenyewe nilielezwa nikiwa chini. Pedeli na usukani ni kitu kimoja. Mguu wa kulia ukisukuma, unasukuma upande wa kulia wa kile chuma, chuma kinazunguka, gurudumu linaelekea kushoto. Mguu wa kushoto ukisukuma, linaelekea kulia. Kwa hiyo kila unapokanyaga unapiga kona bila kupenda. Dawa yake ni mikono. Ukisukuma kwa mguu wa kulia, vuta kwa mkono wa kulia. Ukisukuma kushoto, vuta kushoto. Wanaojua wanasema hiyo ndiyo raha yake, maana nguvu ya mikono nayo inaingia kwenye safari. Mimi miguu na mikono yangu ni wake wenza: kila mmoja anamvuta bwana kwake, na bwana analala nje.

Nje penyewe ni mtaroni. Nimeanguka kulia. Nimeanguka kushoto. Nimeanguka nikiwa nimesimama, hata sijaondoka. Uzuri ni kwamba si mbali, kiti kiko chini, ukianguka unafika mapema. Ubaya ni kwamba miguu iko juu mbele, kwa hiyo mpaka uikumbuke na uishushe, umeshalala. Na nikishalala, nani atajua nimeanguka? Bodaboda mmoja alisimama, akazima pikipiki, akaniangalia vizuri. "Mzee, umeanguka au ndiyo unaendesha?" Aliuliza kwa nia njema kabisa. Sikuwa na jibu la kumpa.

Halafu watoto wa shule. Mimi niko chini, gurudumu la nyuma liko kifuani, grisi imenipaka shavuni, wao wanapita kwa mstari. "Shikamoo babu." Watoto wa siku hizi wanasemwa hawana adabu, lakini siku hiyo walikuwa nayo yote. Mmoja mmoja. "Shikamoo babu." "Marahaba." "Shikamoo babu." "Marahaba." Hakuna aliyeniondolea gurudumu. Walikuwa wametumwa kusalimia.

Baada ya muda nikaanza kwenda. Sijui ilitokea lini, ghafla tu nikakuta mtaro umebaki nyuma. Watoto wakaanza kunifuata wakikimbia. Kila jioni. Nikasema moyoni, ona sasa, wameshanipenda, mwanzo walikuwa hawajui tu. Nikawa nawapungia kwa kichwa. Mama watoto ndiye aliyegundua. Mtu ukiwa umelala vile, mifuko ya suruali inaangalia nyuma. Sarafu zinatoka moja moja. Kila penye bonde inadondoka mia, kila penye tuta inadondoka mia mbili. Nilikuwa nagawa chenji ya nyumba nzima kutoka kwa mangi mpaka kwangu, na wale watoto walikuwa wamegawana mitaa.

Mbwa nao. Juu ya Phoenix mbwa alikuwa anaishia kwenye kisigino, unampiga teke moja anaelewa. Sasa hivi uso wangu na uso wa mbwa viko kimo kimoja. Hatubweki tena, tunaangaliana. Kuna mmoja pale kona ya kinu cha kusaga, naamini ananihurumia.

Jua je? Umelala unaangalia juu, saa saba mchana, Morogoro. Kofia inaelea. Mvua je? Gurudumu la mbele liko katikati ya mapaja, halina madigadi, fundi alisahau. Tope lote la Kihonda linakuja pale pale ambapo ukifika kwa watu wanaona aibu kukuuliza. Na malori! Dereva wa lori hanioni, niko chini ya kioo chake. Mpwa akasema wenzetu wanaweka kibendera kwenye fimbo ndefu nyuma. Nikatafuta kitambaa ndani. Ukiona fimbo ya mwanzi inapita barabarani yenyewe na kipande cha khanga chekundu juu, chini yake nipo. Ile khanga nayo ina kesi yake.

Ila mlima ndio ulionivunja moyo. Ukiwa umelala, uzito wote uko nyuma. Ukipanda mlima, unazidi kurudi nyuma. Na mvutaji ni gurudumu la mbele, ambalo limebaki jepesi halina wa kulikandamiza. Penye lami linajitahidi. Penye kokoto na mchanga, pale njia inapoanza kuinuka kuelekea Bigwa, linazunguka tu, linarusha mawe, mimi niko pale pale. Na huwezi kusimama juu ya pedeli ukaweka uzito, maana utasimama wapi? Umelala! Kijana mmoja mdogo alinionea huruma akaja kunisukuma. Akaweka mkono mmoja mgongoni mwa kiti, mkono mwingine ana muwa. Anatembea. Anatafuna. Anatema makapi pembeni. Mimi nakanyaga kwa nguvu zangu zote, jasho limeniingia machoni. Tulipofika katikati ya mlima akaniuliza, "Babu, kwani wewe hapo unafanya nini?"

Nikarudi nyumbani nikamwambia mpwa, baiskeli yako ni takataka. Akakataa. Akasema, mjomba, hizi zinatisha, ndiyo maana zilipigwa marufuku. Nikasisimka kidogo. Kupigwa marufuku ni heshima. Akasimulia: kulikuwa na Mfaransa, Charles Mochet, alitengeneza ya kulalia akaiita Vélocar. Akampa Francis Faure, mwendeshaji ambaye wala hakuwa wa daraja la kwanza. Julai 1933, pale Paris, Faure akalala zake, akaenda kilomita 45.055 ndani ya saa moja. Rekodi ya Mswisi Oscar Egg ilikuwa kilomita 44.247, imekaa tangu 1914, mabingwa wameshindwa kuigusa, anakuja mtu kalala. Sababu yake ni upepo. Ukikaa wima unaubeba kifuani, ukilala unapita chini yake. Wakubwa wa baiskeli duniani, UCI, wakakaa kikao. Mwaka 1934 wakatoa uamuzi: hiyo si baiskeli. Wakaandika upya baiskeli ya mashindano iweje, na ya kulalia ikabaki nje ya mlango mpaka leo.

Mama watoto alikuwa anachambua mchele. Akauliza, "Inabeba gunia?" Nikasema haibebi. "Inabeba mke?" Nikasema haina keria. Akarudi kwenye mchele. "Basi si baiskeli." UCI hajawahi kuisikia, lakini hukumu ni ile ile, na huyu hata kikao hakuhitaji.

Mpwa hakukata tamaa, ndiyo shida ya kusomesha. Akasema kuna mwanamke Mmarekani, Maria Parker, mwaka 2013 alivuka Marekani yote, bahari mpaka bahari, karibu kilomita 4,800, akashinda mbio za wanawake wa peke yao. Kwenye baiskeli gani? Ya kulalia, pedeli kwenye foku, gurudumu la mbele ndilo linavuta. Ya aina yangu! Yule mama kavuka milima ya Rocky, mimi nimeshindwa Bigwa. Nikauliza alikuwa na kijana wa kumsukuma? Mpwa akanyamaza.

Akaongeza na ya mwaka 2016, Todd Reichert wa Canada, jangwani Nevada, kilomita 144.17 kwa saa, kwa miguu yake tu. Huyo kalala ndani ya ganda lililofungwa kila upande, haoni nje, anaangalia barabara kwenye skrini ya kamera. Mimi barabara naiona mubashara na bado naikosa. Kosa langu lilikuwa kumsimulia fundi. Alivyosikia imefunikwa, macho yakamwaka. "Mzee, tuweke bati la geji gani?" Tangu siku hiyo nikipita bandani kwake sisimami. Tena kusimama kwenyewe ni mgogoro.

Lakini hayo yote ningevumilia. Tope, mbwa, chenji. Kinachoniua ni salamu.

Wewe jirani ukipita kwenye baiskeli ya kawaida unafanya nini? Unainua mkono. "Za saa hizi!" Unapita. Umemaliza, umeheshimu watu, umeheshimiwa. Mimi nikiinua mkono mmoja, mguu wa upande ule unabaki hauna wa kuujibu. Unasukuma, gurudumu linakwenda kwake, naondoka barabarani. Siwezi kupunga. Siwezi kushika kofia. Siwezi hata kufukuza nzi, nimeshameza kadhaa. Na sauti je? Pumzi yote iko miguuni. Mtu ananiambia "Habari za asubuhi?" mimi nikipata pumzi ya kujibu ameshafika sokoni.

Kwa hiyo napita watu kimya. Nimelala. Nimeegemea. Miguu mbele, uso juu, mikono yote miwili kifuani imeshikilia chuma, macho yamekodoka mbele kwa hofu. Sasa mtu aliyekaa kibarazani kwake anaona nini? Anaona mtu mzima amelala kwenye kiti, anapitishwa mtaani, anasalimiwa, hajibu! Maneno yakaanza. Kapata baiskeli ya ajabu, sasa hatuoni. Anaringa. Bibi mmoja nyumba ya tatu, ambaye alinifunga nepi, alisema hadharani kwamba nimelaaniwa na Wazungu wa kwenye simu. Muuza maandazi akaacha kunikopesha. Mwisho malalamiko yakafika kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Mjumbe ni mzee wa haki. Akaniita. Nikasema nitakwenda mwenyewe nijieleze, tena nitakwenda na hiyo baiskeli ili aione kwa macho, aelewe kwamba si kiburi, ni ufundi. Nikavaa shati safi. Nikaondoka mapema. Nilikuwa naendesha vizuri siku ile, jirani, vuta sukuma, vuta sukuma, sijawahi kuendesha vile. Nikakata kona ya mwisho. Mjumbe yuko kibarazani, kakaa na yule bibi, na wazee wengine wawili wa baraza, wananingoja. Mjumbe akaniona. Akainuka, mzee wa watu, akainua mkono juu. "Karibu, mwanangu!"

Sasa ningefanyaje? Mzee kasimama. Bibi anaangalia. Nimeshtakiwa kwa kutosalimia. Nikainua mkono.

Mguu ukapata nafasi. Nikakata kushoto, nikapita kwenye vyombo vilivyoanikwa, nikaingia kwenye uzio wa michongoma na kibendera changu, kiti kikabaki uani kimekaa wima peke yake. Kuku waliondoka wote. Nikiwa mle ndani nikasikia yule bibi anasema, "Kumbe anasalimia." Wazee wakaja kunitoa mwiba mmoja mmoja. Nikaanza kujieleza, mguu wa kulia, mkono wa kulia, Mfaransa, 1933. Mjumbe akanisikiliza mpaka mwisho, akaangalia uzio wake, akaangalia sufuria zake, akanishika bega.

"Mwanangu," akasema, "nimeelewa. Wewe endelea kuringa tu."